Aqua haina hata mwezi toka bandarini, taa ya injini imewaka. Fundi anasema betri ya haibridi, nimpe hela au nisubiri?

Mkazi_Tegeta:
Habari wakuu. Nina Toyota Aqua ya 2014, ile haibridi ya petroli na umeme, imetoka bandarini wiki tatu zilizopita, dashi inasoma kilomita 94,000. Juzi jioni natoka Mwenge narudi nyumbani Tegeta, mvua inanyesha, foleni ya kufa mtu, nafika usawa wa Africana ikawaka ile taa ya njano yenye mchoro wa injini. Gari haikutetemeka wala haikupoteza nguvu, nikafika salama. Asubuhi nikaipeleka gereji moja, fundi hakuchomeka mashine yoyote, akafungua boneti akasikiliza kidogo akasema hizi haibridi ugonjwa wake ni mmoja tu, betri kubwa imekufa, niandae milioni mbili na nusu, anayo moja imetoka kwenye gari lililopata ajali. Hela ipo ila ndio ada ya mtoto ya Januari. Nimpe au nisubiri? Naomba wenye uzoefu na haibridi mnisaidie, mke wangu ndio anaiendesha mchana na sitaki imzimikie barabarani.

KoiliNaPlagi:
Usimpe hata mia. Mimi ni fundi, haibridi nimeanza kuzishika muda tu. Mtu anayetaja betri bila kusoma gari anabahatisha na hela yako. Swali la kwanza, imewaka taa ya injini peke yake au na ile pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao? Betri kubwa ikichoka mpaka ikatoa P0A80, yaani kodi (namba ya kosa) ya betri hiyo, kwa kawaida huoni taa ya injini tu, pembetatu inawaka na kwenye kioo cha dashi yanakuja maandishi ya kuonya kuhusu mfumo wa haibridi. Pili, imetulia au inapepesa? Ikipepesa punguza mwendo uipumzishe, hapo silinda moja haichomi vizuri na petroli mbichi inaenda kuunguza masega ya kusafishia moshi kwenye eksozi.

Mkazi_Tegeta:
Ya injini tu mkuu, imetulia haipepesi. Maandishi hamna, na yangekuja yangekua ya Kijapani nisingeyaelewa.

DerevaUsiku:
Piga picha maandishi yakija, simu inatafsiri. Ila na mimi nakwambia usiidharau betri. Aqua betri yake ina volti 201, vipande 28, na joto letu hili la Dar linavimaliza kimoja kimoja. Mimi nabeba abiria usiku na Aqua mwaka wa tatu huu, nilibadilisha vipande viwili nikaendelea na kazi.

MwalimuFizikia:
@DerevaUsiku hapo umechanganya na Prius. Prius ile ya kuanzia 2009 ndio ina moduli 28, kila moja volti 7.2, jumla 201.6. Aqua ina moduli 20, piga mara 7.2 unapata 144. Wanunuzi wakae na hizo hesabu kichwani maana huko kwenye spea mtu anaweza kukuuzia vipande kwa hesabu ya gari lingine.

DerevaUsiku:
Sawa mwalimu, nimesahihishwa. Vipande viwili ndio hivyo hivyo lakini, nilivishika kwa mikono yangu.

MwalimuFizikia:
Natumaini baada ya kuchomoa ile plagi ya usalama na kusubiri dakika 10. Zile nyaya za rangi ya chungwa sio za kuchezea, mle ndani kuna kapasita zinabaki na umeme hata gari likiwa limezimwa. Nalisema hili kila nikiona mtu anafungua haibridi chini ya mwembe.

Kigamboni_Kwetu:
Mimi nataja ile betri ndogo ya volti 12. Nilisafiri Mwanza wiki tatu gari likakaa nyumbani, narudi nabonyeza, dashi zima limewaka mataa kama duka la simu Kariakoo. Nikaambiwa inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kubwa, mwingine akasema kompyuta. Kumbe betri ndogo ilishuka. Haibridi haina alteneta wala stata, ile ndogo kazi yake ni kuamsha kompyuta tu, ikiwa dhaifu kila kitu kinalalamika. Kwenye Aqua ipo chini ya siti ya nyuma, wengi hata hawajui ilipo. Pima hiyo kwanza, mita ya kupimia umeme ni bei ndogo.

KoiliNaPlagi:
Ni kweli ila hiyo inaleta mataa mengi kwa mpigo, na yake imewaka moja huku gari linatembea kawaida. Mkuu Mkazi, tafuta kile kidude cha OBD2 cha bluetooth cha kusomea makosa ya gari, Kariakoo vipo, weka programu ya Torque au Car Scanner kwenye simu. Soma kodi. USIFUTE. Narudia usifute na usichomoe terminali ya betri, maana kuna data gari limeigandisha sekunde ile taa inawaka, mwendo, joto la injini, petroli inavyorekebishwa. Ukifuta umeua shahidi.

BintiGoba:
Jamani hili la kufuta lina upande wa pili. Mimi nilinunua gari yadi, safi, dashi halina taa hata moja. Baada ya miezi miwili nikaambiwa na fundi umeme hebu washa switchi bila kukanyaga breki, taa ya injini inatakiwa iwake kidogo halafu izime ikishaanza. Yangu haikuwaka kabisa! Kufungua dashi kuna kipande cha plasta nyeusi nyuma ya taa. Kwahiyo kabla ya kununua, washa uhakikishe taa INAWAKA. Nililia siku hiyo jamani.

MamaWawili:
Pole BintiGoba, mimi nilitoa hela kabisa. Nina Prius, ile ya injini ya 1.8. Taa ikawaka, fundi wa kwanza akasema betri, nikabadilisha betri, taa ikazima siku nne ikarudi. Kodi ilikua P0401, ile ya moshi unaorudishwa kwenye injini, njia zake zimeziba masizi. Sikujua, nikaendelea kuendesha. Baadae asubuhi gari likawa linatetemeka kama lina baridi, likishapata moto linatulia. Maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone. Ilikua gasketi ya silinda hedi. Betri niliyotoa ilikua nzima, mpaka leo naiwaza iko wapi. Kaka Mkazi hiyo ada ya mtoto iache ilipo.

MzeeIlala:
Nyinyi vijana mnaruka mbali. Nauza spea Ilala miaka mingi. Aqua zinazorudi na shida, kwanza angalia feni ya betri. Kuna tundu lenye vitobo hapo siti ya nyuma kwa chini, ndio betri inapopumulia. Mteja wangu mmoja mkewe anafanya biashara ya vitenge, mabalo yote yanapakiwa siti ya nyuma, tundu limefunikwa mwaka mzima. Kufungua feni tukakuta nyuzi na vumbi kama godoro. Imesafishwa, gari mpaka leo linadunda. Gari la Japani limezoea lami safi, likifika huku Goba na Madale linakula vumbi tu.

BintiGoba:
Mzee Goba tuna lami siku hizi 😂

MzeeIlala:
Lami ipo binti, na vumbi nalo lipo.

Mkazi_Tegeta:
Wakuu nimerudi. Nimenunua kidude, nimesoma. Kodi ni moja tu: P0171. Sijafuta. Ile data ya kugandishwa inasema mwendo 38, joto la maji 84, LTFT +24 na STFT +11. Hizo mbili za mwisho sizielewi. Hakuna P0A80 wala chochote kinachoanza na P0A. Shukrani sana KoiliNaPlagi.

KoiliNaPlagi:
Safi sana, ada imepona. P0171 maana yake injini inapata hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo. LTFT ni kiasi ambacho kompyuta imejifunza kuongeza petroli ili kusawazisha, STFT ni inachoongeza hapo kwa hapo. Gari lisilo na shida linacheza karibu na sifuri, hata kumi juu au chini hatupigi kelele. Yako jumla imeongeza asilimia 35, imefika ukomo ikasema nimeshindwa. Betri kubwa haihusiki kabisa hapa. Sasa sababu: hewa inavutwa pembeni bila kupimwa, au sensa ya hewa wanayoiita MAF imechafuka inahesabu pungufu, au pampu ya tenki imechoka, au nozeli zimeziba, au eksozi inavuja kabla ya sensa ya oksijeni.

Chuma_Chakavu:
Au petroli ina maji. Mvua za wiki hii zote na hujasema uliweka wapi mafuta. Mimi mwaka juzi nimejaza sheli moja njia ya Bagamoyo mvua imetoka kunyesha, kilomita kumi mbele taa. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tenki na pampu inanyonya hukohuko chini. Nimemwaga tenki, nimekausha, kwisha habari.

MwalimuFizikia:
@Chuma_Chakavu ingekua maji gari lingekua linakwama na kuruka, yeye kasema halikutetemeka. Halafu kuna kitu watu hawakijui, kosa la aina hii gari haliwashi taa mara ya kwanza. Linaliona safari moja, linaliweka pembeni, likiliona tena safari inayofuata ndio linawasha. Kwahiyo lililowasha taa pale Africana lilikuwepo kabla ya mvua ya jioni ile. Mkazi, siku chache kabla ya hapo ulifanya nini kwenye gari?

Chuma_Chakavu:
Mvua imenyesha toka Jumatatu mwalimu. Na maji kidogo hayafanyi gari liruke, yananyonywa kidogo kidogo. Nasimama na petroli.

MamaTegetaNyuki:
Samahani naingilia, mimi kila nikisoma mtandaoni naona wanasema kaza kifuniko cha tenki. Si mngeanza na hapo ni bure?

KoiliNaPlagi:
Dada hiyo ushauri wake ni wa gari za soko la Marekani. Kule toka 1996 magari lazima yawe na OBD2 na yanajipima kama mvuke wa petroli unavuja tenki, kifuniko kikilegea linatoa P0455 au P0456. Yake ni P0171. Akikaze tu, hakiumi, ila sio dawa yake.

Mkazi_Tegeta:
@MwalimuFizikia sasa umenigusa. Wiki moja kabla nilifanya sevisi ya kwanza, oili 0W-20, plagi, na kijana akasema anasafisha throtoli bodi, ule mlango wa hewa ya injini, na kubadilisha ea klina. Alifungua ule mpira mkubwa unaoingiza hewa. Na mafuta niliweka Jumanne tenki zima, kulikua na mvua. Kwahiyo nyote wawili mna kesi.

MwalimuFizikia:
Basi pima. Hewa ikivutwa pembeni, athari inaonekana zaidi injini ikiwa inaunguruma taratibu, maana hewa inayoingia kihalali ni kidogo. Ukipandisha mzunguko mpaka 2,500 namba inashuka. Kama ni pampu dhaifu inakua kinyume, unapokamua ndio inazidi. Shida ya haibridi haikai ikiunguruma, inazima yenyewe, KoiliNaPlagi mpe ile njia.

KoiliNaPlagi:
Ukiwa pembeni sehemu ya wazi, gia iko P. Bonyeza POWER mara mbili bila kugusa breki. Kanyaga mafuta mpaka chini mara mbili. Kanyaga breki weka N, kanyaga mafuta mara mbili. Rudisha P, kanyaga mafuta mara mbili. Yote ndani ya dakika moja. Sasa kanyaga breki bonyeza POWER, injini inawaka na haizimi, kwenye kioo itaandika MAINTENANCE MODE. Ukimaliza zima kabisa, usiingie nayo barabarani hivyo.

DerevaUsiku:
Miaka mitatu naendesha hii gari sijui hilo. Asante fundi, leo nimekula shule.

NdegeMtaa:
Inafanya kazi na Note e-Power? Nina ya 2017.

KoiliNaPlagi:
Hapana, hizo hatua ni za Toyota. Na Note e-Power ni mnyama mwingine, injini yake inazalisha umeme tu, magurudumu yanasukumwa na mota. Fungua uzi wako tukusaidie huko.

Mkazi_Tegeta:
Nimefanya, mara ya tatu ndio ikakubali. Ikiunguruma taratibu LTFT +22. Nikaipandisha 2,500 ikaonyesha +7. Halafu nikamulika tochi kwenye ule mpira wa hewa, klipu ya upande wa throtoli imelegea, naizungusha kwa vidole! Nimeikaza kwa bisibisi.

MzeeIlala:
Kijana wa sevisi huyo. Haraka ya mafundi wa siku hizi.

BintiGoba:
Halafu fundi wa pili anataka milioni mbili na nusu kwa klipu. Roho imeniuma kama gari ni langu. Ukimrudia muonyeshe hiyo P0171 mkononi.

Chuma_Chakavu:
Msishangilie bado. Mkazi, baada ya kukaza namba zimefika ngapi? Na mafuta yale ya Jumanne bado yamo?

Mkazi_Tegeta:
Siku ya kwanza zilibaki +19, ya pili +15. Mafuta yale yameisha jana, nimejaza sheli nyingine kabisa. Na niseme ukweli, jioni ileile shemeji yangu alinisaidia kutoa sensa ya hewa tukaipulizia dawa yake.

MwalimuFizikia:
Aaah Mkazi. Umefanya matatu kwa pamoja, sasa hatutajua lipi limeponya.

Chuma_Chakavu:
Tunajua. Petroli mpya.

KoiliNaPlagi:
Dawa gani hiyo mlipuliza? Isije ikawa kabu klina, ile ya kusafishia kabureta, ile sensa ina waya mwembamba kama unywele, kabu klina inaweza kuiua. Kuna dawa yake maalumu ya MAF, na waya hauguswi hata kwa pamba. Mimi bado naiangalia klipu, maana +22 kushuka +7 ukipandisha mzunguko ni tabia ya hewa ya pembeni, petroli mbaya ingekupa juu kotekote.

Mkazi_Tegeta:
Ilikua maalumu, kopo limeandikwa MAF, tumesoma kabla.

MzeeIlala:
Na feni ya betri umeangalia? Mimi sijaachia hoja yangu. Hata kama leo sio yeye, kesho ni yeye.

Mkazi_Tegeta:
Nimeangalia mzee, nilitoa vumbi la kujaza kiganja, na begi la shule la mtoto lilikua linakaa palepale kwenye tundu. Nimelihamishia mbele. Asante kwa hilo.

MamaWawili:
Kaka Mkazi, hakikisha na maji ya rejeta hayashuki, weka alama na maka pembeni ya kopo uangalie kila Jumapili asubuhi gari likiwa la baridi. Na la inverta lina kopo lake peke yake, usilisahau. Mimi ningejua hilo mapema.

DerevaUsiku:
Wakati tunasubiri, unapata kilomita ngapi kwa lita? Mimi foleni ya Mbagala napata 19, usiku barabara wazi nakwenda mpaka 23.

Mkazi_Tegeta:
Ilikua 15 wiki ile ya taa, saivi 18. Nilidhani ni foleni kumbe ilikua inajiongezea petroli.

Kigamboni_Kwetu:
Na taa je? Imezima au umefuta?

Mkazi_Tegeta:
Sijafuta kama nilivyoagizwa. Imezima yenyewe Alhamisi asubuhi mke wangu anawasha kwenda kazini, akanipigia simu kwa furaha.

MwalimuFizikia:
Ndio utaratibu wake, safari tatu mfululizo bila kuliona kosa linazima taa lenyewe. Ila kodi inabaki kwenye kumbukumbu muda, usishtuke ukiisoma bado ipo.

Chuma_Chakavu:
Nina ombi moja la haki. Siku mvua ikinyesha jaza tena ile sheli ya kwanza tuone.

KoiliNaPlagi:
Akili ya kisayansi hiyo ila atalipa yeye, sio wewe 😄. Mkazi fanya hivi, tembea nayo wiki moja kidude kikiwa kimechomekwa, andika LTFT asubuhi na jioni. Ikigoma juu ya kumi bado kuna sehemu inavuta, angalia mpira wenyewe kama una ufa kwenye mikunjo, huo hauonekani mpaka uukunje.

Mkazi_Tegeta:
Sawa wakuu. Jumamosi tunaenda Bagamoyo na familia, nitaangalia njia nzima. Leo asubuhi imesoma +9, jioni hii nimetoka kuisoma tena foleni ya Lugalo, +11.